Dawa na Mtoto Mchanga Aliye Hatarini

Maneno ya Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Maua



Nimesimama mbele yenu leo, si kwa kusoma kumbukumbu za mkutano uliopita kama ilivyo desturi yangu, bali kwa kusema jambo ambalo limenikaa moyoni kwa miaka kadhaa. Kazi yangu katika Chama hiki mwaijua: kuandika majina ya waliolipa ada, na majina ya wasiolipa, na hiyo ya pili haijapata kuniletea shukrani ya mtu. Mimi si daktari. Nilichonacho ni elimu ya sekondari niliyoipata katika shule ya misheni, pamoja na mazoea ya karani ya kutazama tarakimu mara mbili kabla ya kuitia sahihi. Lakini haya nitakayoyasema nimewauliza wauguzi, nimeyasoma katika miongozo ya Wizara ya Afya, na sehemu yake moja nimeionja nyumbani mwangu. Mwishoni nitaweka hoja mbili mbele yenu, zinazohusu kanuni yetu ya msaada na fedha zetu.

Jambo lenyewe ni dawa anazopewa mtoto mchanga aliye mgonjwa sana. Ninaposema mchanga namaanisha yule ambaye hajatimiza siku 28 tangu azaliwe. Wazee wetu walijua tangu zamani kwamba mwezi ule wa kwanza ni daraja jembamba. Hesabu za serikali zasema vivyo hivyo. Mwaka 2003, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini Kenya, 33 walifariki kabla ya kutimiza mwezi. Mwaka 2014 walikuwa 22. Mwaka 2022 walikuwa 21. Mwaona wenyewe: katika miaka kumi na mmoja ya kwanza tulipiga hatua kubwa, na katika minane iliyofuata tukapunguza mmoja tu. Mtunza hazina akituletea hesabu ya namna hii tungemwuliza maswali.

Wengi wa watoto hawa hufa kwa kuzaliwa kabla ya wakati, kwa kukosa pumzi wakati wa kuzaliwa, au kwa viini vya ugonjwa vilivyoingia katika damu. Huko Kilifi, katika hospitali ya wilaya ya wakati ule, madaktari walipima damu ya watoto waliolazwa kati ya mwaka 1998 na 2002, jumla yao 19,339. Miongoni mwa wale wasiotimiza siku 60, karibu 13 katika kila 100 walikuwa na bakteria ndani ya damu. Basi mtu asitoke hapa akidhani nimekuja kuwatisha juu ya dawa. Mtoto wa namna hiyo asipopata dawa, tena upesi, hufa. Nililokuja kulisema ni kwamba dawa ile ile imwokoayo yaweza kumdhuru, na kwamba kati ya kuokoa na kudhuru kuna nafasi ndogo mno, ndogo kuliko nukta ya kalamu hii.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, ili nisiseme ya watu nikaacha yangu.

Kifungua mimba wetu alizaliwa kabla ya wakati wake, akiwa mdogo lakini mzima, tukarudi naye nyumbani kwa furaha. Siku ya sita mwili wake ukawa na joto, na akakataa titi. Mama yangu alisema tumpeleke hospitali usiku ule ule. Mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa msomi wa nyumba, nilisema hapana haja. Asubuhi nilikwenda dukani, kwa kemisti kama tuitavyo, nikanunua chupa ya Septrin ya watoto, kwa sababu nilimwona jirani akimpa mwanawe wa miaka miwili naye akapona kikohozi. Nikasoma karatasi iliyomo ndani ya boksi. Nikakigawanya kipimo cha mtoto mkubwa kwa mbili, kisha kwa mbili tena, nikajiona mtu mwenye hekima. Siku mbili zikapita. Tulipofika hospitali mtoto alikuwa wa manjano hadi nyayo za miguu. Hakurudi nasi.

Daktari hakunikemea. Alinieleza kwa upole, na upole ule ulikuwa mzito kuliko kemeo. Alisema nilifanya makosa mawili. La kwanza, joto la mtoto mchanga, au baridi yake isiyo ya kawaida, au kukataa kunyonya, au kupumua mbiombio, au kulegea, au kupatwa na degedege, si jambo la kutibiwa nyumbani hata kwa saa moja. La pili, dawa zenye salfa, na Septrin ni mojawapo, hazimfai mtoto wa umri ule. Kila mtoto mchanga ana kitu cha manjano katika damu yake, ambacho ini lake changa bado halijaweza kukiondoa vizuri. Kitu hicho huchukuliwa katika damu kikiwa kimeshikwa, kama mfungwa aliyeshikwa na askari. Dawa ya salfa humsukuma askari, mfungwa akaachiwa, akaingia ubongoni na kuuharibu. Kugawanya kwangu kwa nne hakukunisaidia neno, maana kosa halikuwa katika wingi wa dawa peke yake. Dawa yenyewe haikuwa ya mtoto wa umri ule.

Hata madaktari wenyewe walijifunza jambo hili kwa uchungu. Huko New York, katika miaka ya 1950, watoto waliozaliwa kabla ya wakati walikuwa wakipewa penisilini pamoja na dawa ya salfa ili kuwakinga na maradhi. Walipolinganishwa na wengine waliopewa dawa nyingine, ilionekana mwaka 1956 kwamba wa salfa walikufa kwa wingi zaidi, na ubongo wao ulikutwa na manjano yale. Wala hapana aliyekuwa amewatakia mabaya.

Miaka mitatu baadaye likaonekana jambo kubwa zaidi. Mwaka 1959 madaktari wa Los Angeles, Marekani, walichapisha habari za watoto waliozaliwa kabla ya wakati na ambao ilihofiwa kwamba wangepata maambukizo. Waliwagawa makundi manne. Kundi moja halikupewa dawa yoyote ya kukinga, la pili lilipewa penisilini na streptomisini, la tatu kloramfenikoli, la nne dawa zote hizo kwa pamoja. Katika makundi mawili ya kwanza walikufa chini ya mmoja katika kila watano. Katika mawili yaliyopata kloramfenikoli walikufa karibu wawili katika kila watatu. Watoto wale walivimba tumbo, wakalegea, ngozi ikageuka rangi ya majivu, kisha wakakata roho. Wakati ule madaktari wengi waliiamini sana dawa hiyo, na mtu mzima aliimeza akapona. Lakini ini la mchanga halikuweza kuivunja, wala figo zake kuitoa, nayo ikalimbikizana mwilini siku baada ya siku kama deni lenye riba. Wazee wangu, neno hili nawaomba mlishike: mtoto mchanga si mtu mzima aliyepunguzwa. Ini lake ni lingine, figo zake ni nyingine, na zabadilika kila siku. Mtoto wa siku tano na mtoto wa siku nane ni wagonjwa wawili mbalimbali.

Sasa nije kwenye tarakimu, nyumbani kwangu mimi karani.

Katika hospitali zetu, mtoto mchanga mwenye maambukizo aghalabu huchomwa sindano mbili, penisilini na jentamisini. Jentamisini ni dawa nzuri, na bei yake si kubwa, lakini ikizidi huumiza figo, na huharibu masikio, mtoto akapona ugonjwa akabaki kiziwi. Mwongozo wa Kenya wasema hivi: katika wiki ya kwanza, mtoto asiyefika kilo 2 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wake, mara moja tu kwa siku, mwenye kilo 2 na zaidi hupewa miligramu 5 kwa kila kilo. Baada ya siku saba kipimo hubadilika tena. Siwaambii haya ili mtu akajaribu nyumbani, la hasha! Nawaambia ili mwone ugumu wa kazi ya muuguzi.

Tuchukue mtoto wa kilo 1.8. Mara tatu ni miligramu 5.4. Dawa hii huja katika vichupa vya namna mbili. Kuna kichupa cha watoto, mililita 2 zenye miligramu 20, na kuna cha watu wazima, mililita 2 zile zile, lakini ndani yake mna miligramu 80. Kwa macho vyafanana kama mapacha. Kutoka kichupa cha watoto muuguzi atavuta mililita 0.54, kiasi kisichojaza hata kofia ya kalamu. Akikosea akavuta 0.54 ile ile kutoka kichupa cha watu wazima, amempa mtoto miligramu 21.6, yaani mara nne. Na ikiwa aliyeandika aliandika nukta bila sifuri mbele yake, nukta ikafifia, msomaji akaona 54, au akaihamisha nukta akasoma 5.4, kipimo kimekuwa mara kumi au mara mia. Kwa mtu mzima kosa kama hili lingehitaji kuvunja vichupa vingi, na kuvunja kwenyewe kungemshtua muuguzi. Kwa mtoto, dozi ya mara nne hutoka yote katika kichupa kimoja, na hakuna kinachomshtua mtu. Mwalimu wetu wa hesabu alizoea kumnyima alama zote mwanafunzi aliyepoteza nukta ya desimali, hata kama njia yote ilikuwa sahihi. Tulimwona mkatili. Namwomba radhi leo, huko aliko.

Na uzito je? Mtoto huyu wa kilo 1.8 akipimwa kwa mizani mbovu akaonekana ana kilo 2.1, amevuka ule mpaka wa kilo 2. Sasa hatahesabiwa kwa miligramu 3 bali kwa 5, naye atapewa 10.5 badala ya 5.4. Kosa la gramu 300 katika mizani limekuwa karibu mara mbili katika dawa. Sisi tunaouza chai na miraa twajua jinsi mizani iwezavyo kumwibia mtu. Hapo huiba shilingi.

Mungu alitujalia mtoto wa pili, msichana, naye pia alizaliwa kabla ya siku zake na akaugua katika siku ya tatu. Safari hii hapakuwa na hekima yangu. Tulikwenda hospitali saa ile ile. Hospitali yenyewe siitaji, maana nitakalolisema laweza kutokea popote. Jioni moja, wauguzi walipokuwa wakipokezana zamu, muuguzi mgeni alikuja na bomba la sindano. Mke wangu, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nane, lakini alikuwa ameketi pale siku mbili akitazama, alisema kwa adabu: "Sista, samahani. Jana dawa ilikuwa kidogo sana ndani ya bomba. Leo naona imepanda. Ni dawa ile ile?"

Yule muuguzi angeweza kumwambia anyamaze. Hakusema hivyo. Alilitazama bomba, akarudi mezani, akakitazama kichupa alichokivunja, akakaa kimya kidogo. Kilikuwa cha watu wazima. Akakimwaga, akamwita mwenzake, wakahesabu upya wawili pamoja, kila mmoja kwa karatasi yake, wakapata jibu moja. Ndipo akaja na dawa, akamshika mke wangu mkono akamwambia, "Asante, mama." Msichana huyo sasa yuko shuleni, naye husikia vizuri kupita kiasi, hasa mambo yasiyomhusu.

Simlaumu muuguzi yule. Nilihesabu vitanda: usiku ule alikuwa peke yake kwa watoto wengi. Watafiti waliochunguza hospitali za Nairobi katika miaka ya 2010 walimkuta muuguzi mmoja akiwa na watoto wachanga zaidi ya kumi, kila mmoja akiwa na dawa zake, saa zake na uzito wake. Mpeni karani hodari daftari kumi na tano za kuandika usiku mmoja bila kosa, kisha mje kumlaumu. Desturi ya watu wawili kuhesabu na kusomeana kipimo kabla ya sindano ni desturi njema. Wazee wa Njuri hawakati shauri kwa kusikia sikio moja, na sisi katika Chama hiki hatutoi hundi yenye sahihi moja.

Kuna mengine nitayapitia upesi, kwa kuwa naona Bwana Mwenyekiti ameanza kutazama saa.

Hewa ya oksijeni nayo ni dawa. Katika miaka ya 1940 na ya mwanzo ya 1950, katika nchi zenye mali, watoto wengi waliozaliwa kabla ya wakati walipewa oksijeni nyingi kupita kiasi, nao wakapofuka kwa maelfu, hata ikagunduliwa sababu yake. Mkimwona muuguzi akipunguza hewa ya mjukuu wenu, msipige kelele kwamba anamnyima, mwulizeni, atawaeleza.

Ile dawa ya kupaka kitovu, klorheksidini, ni ya kitovu tu. Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kwamba tangu mwaka 2015 watu zaidi ya arobaini katika nchi tisa za Afrika waliumizwa macho, wengine wakapofuka, kwa sababu dawa hiyo ilitiwa machoni kwa kudhaniwa kuwa dawa ya macho. Wazazi wakipewa dawa mbili za kwenda nazo nyumbani, wasiondoke kabla ya kuambiwa ipi ni ya wapi, nao wazisomewe ikiwa hawajui kusoma. Dawa hizo zisikae mahali pamoja nyumbani.

Akina mama na waambie kila kitu walichotumia, vidonge, mitishamba, hata miraa, kwa maana wachunguzi walikwisha kuona kwamba kilevi kilichomo katika miraa hupita katika maziwa ya mama. Nalisema hili hapa Maua nikijua vyema ni mmea gani ulionilipia karo.

Sasa hoja zangu.

Kanuni yetu ya msaada yasema kwamba fedha za ugonjwa hutolewa baada ya kamati ya watu watano kuketi na kutia sahihi, na kamati huketi Jumamosi. Tena daftari letu lina safu ya jina la mgonjwa, na mtoto ambaye bado hajapewa jina hana mahali pa kuandikwa. Safu hiyo niliichora mimi kwa rula yangu, wala sikufikiri. Mwaka jana mwanachama mmoja alinijia siku ya Jumanne. Mtoto wake alikuwa na siku nne, ameacha kunyonya, na fedha za gari na za kumwingiza wodini hakuwa nazo. Nilimwambia asubiri Jumamosi. Hakusubiri, alimwuza mtamba wake jioni ile kwa bei ya kutupa, na asubuhi wakawa hospitalini. Mtoto yu hai. Lakini usiku mmoja ulipotea, na mtamba ulipotea, na fedha zetu zilikuwa zimelala benki salama kabisa. Mwanachama huyo yumo humu ndani leo, wala hajapata kunilaumu kwa neno lolote.

Kwa hiyo naomba, kwanza, kanuni ibadilishwe, ili kwa mtoto asiyetimiza siku 28 mtunza hazina pamoja na mzee mmoja wa kamati waweze kutoa msaada siku ile ile, usiku au mchana, na kamati ipewe habari Jumamosi. Katika safu ya jina nitaandika "mtoto wa fulani", na hilo litatosha. Wapo waliosema katika kikao kilichopita kwamba tutaliwa fedha na waongo. Huenda mmoja atatudanganya. Nimeangalia daftari za miaka sita, na udanganyifu tulioupata ulikuwa katika fedha za matanga, wala hatukuyaondoa matanga katika kanuni.

Pili, naomba sehemu ya akiba ya mwaka huu inunue mizani ya watoto yenye kuonyesha gramu, si ile ya kuning'iniza, tuitoe kwa zahanati ambako wake wa wanachama wengi hujifungulia kabla ya kupelekwa hospitali kubwa hapa Maua au Meru mjini. Uzito uandikwe katika kijitabu cha mama kwa wino, pamoja na saa ya kuzaliwa, ili mtoto akifika hospitali usiku asihesabiwe kwa kukisia. Pamoja na mizani tununue mawe ya kuijaribia, na mimi niko tayari kwenda kila mwezi kuijaribu, bila posho.

Hoja zote mbili nimeziandika, na nakala ziko mezani kwa Katibu. Bwana Mwenyekiti, naomba mwenye kuziunga mkono asimame.